Gauni na Mfarishi kwa Cherehani Moja

Mwenye cherehani moja nyumbani akianza kuchanganya nguo na mfarishi wa viraka, kitakachoumia kwanza ni nguo. Viraka vya mfarishi, au kwilti kama wengi wanavyouita, vinaweza kukaa ndani ya boksi miezi minane vikatoka vile vile vilivyoingia. Gauni lililokatwa Februari likaachwa hadi Agosti si hivyo: shingo imeshavutika, kiuno cha mwenyewe kimebadilika na harusi iliyokusudiwa imepita. Ndiyo maana kugawa wikendi nusu kwa nusu, Jumamosi nguo na Jumapili viraka, huwa hakudumu. Mpango unaodumu ni nguo kushika kalenda, na mfarishi kula mabaki ya nguo pamoja na nafasi zinazobaki kati ya nguo moja na nyingine.

Maelezo haya ni ya mashine ya kawaida ya mshono ulionyooka, ile nyeusi ya kukanyaga au ya mkono iliyo katika nyumba nyingi kuanzia Nakuru hadi Busia. Ya stima hufanya kazi hiyo hiyo. Mfano tutakaoshika ni mfarishi mdogo wa inchi 36 kwa 45, unaomtosha mtoto au mtu mzima aliyekaa kitini na baridi magotini.

Mfarishi huanza siku ya kukata gauni

Kosa la kwanza hutokea mkasi ukiwa bado mezani. Kitenge kina upana wa inchi 44 hivi, na mazoea ya wengi ni kukikunja katikati, kila tabaka inchi 22, kisha kuweka pateni ya mbele kwenye mkunjo. Tuseme nusu ya mbele ya gauni, pamoja na nafasi ya mshono, ni inchi 13. Utabaki na kanda mbili za inchi 9. Mraba wa inchi 5 unaingia mara moja tu katika upana wa kila ukanda, na inchi 4 zinabaki bila kazi pande zote mbili.

Usikunje katikati. Kunja inchi 13 tu, kiasi kinachohitajiwa na pateni, na kitambaa kingine kilale tabaka moja. Ukishakata mbele unabaki na ukanda mmoja wa inchi 18, unaoingiza miraba mitatu kwa upana. Kitenge ni kile kile na gauni ni lile lile, lakini miraba imeongezeka kwa nusu. Mikono, mifuko na bitana ya shingo vitoke kwanza kwenye ukanda huo, kisha kinachobaki ndicho cha mfarishi.

Miraba ikatwe siku hiyo hiyo, kabla hujafagia. Mabaki yaliyosokomezwa mfukoni hutoka yamekunjamana, na hakuna anayepata hamu ya kupiga pasi mfuko mzima wa vitambaa usiku wa kazi. Tengeneza kipimo cha inchi 5 kwa 5 kutoka kwenye kifuniko bapa cha ndoo kuukuu ya plastiki. Kadibodi huchakaa pembe baada ya kuzungushiwa kalamu mara hamsini, na miraba ya mwisho hailingani na ya kwanza. Chora kwa kipande cha sabuni kilichochongwa kikawa chembamba, kisha kata ndani ya mstari, si juu yake.

Mfarishi wetu unahitaji miraba 80, safu kumi za miraba minane. Nusu yadi ya kitenge hutoa miraba 24, kwa hiyo mabaki ya magauni manne au matano yanatosha. Ukikosa rangi tulivu ya kupoza maua ya kitenge, tafuta shati la mitumba la pamba tupu, kubwa la mwanamume. Mgongo wake hutoa miraba kama 16. Kwenye soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili ndiyo siku kubwa, na mashati ya kupekua ni mengi kuliko siku nyingine. Shika shati juani kwanza: likipitisha mwanga mabegani, uzi umechoka na mfarishi utatoboka hapo kabla ya kwingine.

Leso kuukuu nayo ina nafasi yake, ila usiikate kama kitenge. Leso ina pindo, mji na jina, na jina likikatwa vipande vya inchi 5 linabaki herufi zisizosomeka. Litoe zima kama ukanda, liweke katikati ya mfarishi au chini yake, na miraba ilizunguke. Hesabu ya miraba itapungua, lakini mfarishi utakuwa na kitu cha kusema.

Kitambaa kikubali kufuliwa

Gauni moja ni kitambaa kimoja. Likiruka, yaani likipungua kwa kufuliwa, linaruka lote. Mfarishi una vitambaa kumi, na kimoja kikiruka au kikichuja rangi kinawaharibia wenzake. Kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, hata kama ni cha gauni. Kitenge kipya huwa na wanga, na wanga ukitoka ndipo unapojua uzito wake wa kweli. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, hakikisha kimekauka kabisa kabla ya kukunja. Madoa meusi ya ukungu hayatoki.

Nyekundu, buluu iliyokolea na nyeusi zijaribiwe. Chovya kipande kwenye maji ya uvuguvugu, kikandamize ndani ya kitambaa cheupe, acha nusu saa. Weupe ukishika rangi, fua tena na ujaribu tena. Rangi ikiendelea kutoka mara ya tatu, kitambaa hicho kibaki gauni, kifuliwe peke yake.

Kitenge kingine sokoni si pamba. Chomoa nyuzi chache na uziwashe mbali na kitambaa: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Poliesta hufaa sketi ya marinda. Kwenye mfarishi huteleza chini ya mguu wa mashine, na pasi inayopendwa na pamba huiyeyusha. Fulana zinazovutika pia ziache kando, na jinzi usiishone pembeni ya leso. Jinzi nzito huvuta leso hadi ichanike ubavuni mwa mshono.

Robo inchi

Hapa ndipo fundi hodari wa nguo hushangaa mfarishi ukimkatalia. Nguo huachiwa nusu inchi ya mshono, ubavuni hata inchi nzima ili ifumuliwe mwili ukiongezeka. Mfarishi huachiwa robo inchi tu, na robo hiyo haina msamaha. Ukizidisha 1/16 ya inchi kila mshono, kila mshono umekula 1/8, kwa sababu umezidisha pande mbili. Safu ya miraba minane ina mishono saba, kwa hiyo umepoteza karibu inchi nzima. Safu inayofuata ukishona sawasawa, haitalingana na hiyo. Gauni lenye mishono minne likipoteza nusu inchi bado linavalika.

Usiamini ukingo wa mguu wa mashine kabla ya kuupima. Weka tepu ya kupimia chini ya mguu, shusha sindano kwa mkono hadi iguse alama ya robo inchi, kisha bandika kwenye bamba la mashine tepu ya karatasi ya wapaka rangi, ukingo wake ukilingana na mwisho wa tepu ya kupimia. Sasa jaribu: kata kanda tatu za upana wa inchi moja na nusu, ziunge kwa urefu, piga pasi. Ukanda wa katikati uwe inchi moja kamili. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, sogeza tepu ya karatasi karibu na sindano kiasi cha uzi mmoja, kisha rudia. Mkunjo wa kitambaa wenyewe hula unene kidogo, kwa hiyo robo sahihi huwa inapungua robo ya rula kwa unywele.

Pasi pia inatofautiana. Mshono wa gauni hufunguliwa pande mbili ili ulale. Mshono wa mfarishi hulazwa upande mmoja: safu ya kwanza kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Safu mbili zikikutana, unene wa mishono hupandana na kujifunga, na pembe nne za miraba hukutana bila pini nyingi. Bandika pasi, inua, bandika tena. Ukiisugua kama unayenyoosha shati, mraba unageuka msambamba. Ikiwa ni pasi ya makaa, tikisa majivu nje kabla ya kila zamu.

Kazi hii ya kuunga miraba ndiyo inayofaa dakika ishirini za jioni. Lisha mashine jozi moja baada ya nyingine bila kukata uzi, zitoke zimefuatana kama shanga. Jozi 40 zinamaliza miraba yote ya mfarishi wetu. Huna haja ya kurudisha nyuma mwanzo wala mwisho, kwa kuwa mshono unaofuata utapita juu yake na kuufunga.

Usibadilishe mashine kila siku

Muda mwingi wa mwenye mambo mawili hupotea katika kuhamisha mashine kutoka kazi moja hadi nyingine: kubadilisha sindano, uzi, urefu wa mshono, ukazaji na tepu. Fanya hatua nzima ya kazi moja, kisha badilisha mara moja. Miraba yote iungwe, kisha gauni zima, kisha safu zote za mfarishi.

Kitenge kimoja, kiwe cha gauni au cha viraka, kinataka sindano namba 14. Leso nyepesi namba 11. Tabaka tatu za mfarishi, yaani viraka juu, ujazo katikati na kitambaa cha chini, namba 16. Nunua sindano ya mashine ya nyumbani, yenye ubavu mmoja bapa juu. Ya mashine za kiwandani ina shina la mviringo na haikai vizuri hata ikiingia. Baada ya saa nane hivi za kushona itupe, na ukisikia inagonga kitambaa kwa sauti ya tak-tak, usisubiri saa hizo.

Mshono wa viraka uwe mfupi, milimita 2 hadi 2.5. Wa tabaka tatu uwe milimita 3. Kwenye tabaka tatu legeza uzi wa juu kidogo. Ukiona vidoa vya uzi wa bobini vikichungulia juu, uzi wa juu bado umekazwa mno. Ukiona vitanzi chini, umelegea, au haukupita vizuri kati ya visahani vya kukaza uzi. Halafu kuna parafujo iliyo juu ya nguzo ya mguu, ambayo wengi hawaigusi maisha yao yote. Ndiyo inayoamua mguu ukandamize kiasi gani. Kwa mfarishi ilegeze mizunguko miwili mitatu, la sivyo mguu husukuma tabaka ya juu mbele na kuacha mawimbi. Weka alama mbili za rangi ya kucha, moja ya gauni na nyingine ya mfarishi, usibahatishe kila mara.

Mfarishi unachafua mashine kuliko nguo. Kila bobini mbili fungua bamba, toa manyoya kwa brashi, na tone moja la mafuta pale bobini inapozunguka. Kisha shona kwenye kitambaa kibovu hadi mafuta yaishe kabla ya kurudi kwenye gauni jeupe.

Pa kusimama na pasipo pa kusimama

Gauni linaweza kusubiri salama mahali pawili. Kwanza, baada ya kukatwa, ila lazima siku hiyo hiyo upitishe mshono mmoja robo inchi kutoka ukingoni kuzunguka shingo na makwapa. Mikato hiyo inapita mshazari wa kitambaa na huvutika hata ikilala kwenye droo. Pili, baada ya mabega na mbavu kuungwa, kabla ya mikono. Zipu iliyofika nusu au mkono uliopigwa bandi nusu usiuache. Wiki ijayo utaufumua.

Mfarishi husubiri popote hadi siku ya kulaza tabaka. Hapo hali inageuka. Tabaka zikishafungwa kwa pini, zimekula sakafu, watoto wanakanyaga, na Kisumu penye unyevu wa ziwa pini zikikaa wiki chache hushika kutu, na doa la kutu halitoki kwa sabuni. Kwa hiyo usilaze tabaka mpaka uone wikendi mbili mfululizo zisizo na nguo ya mtu. Agosti na Desemba ni za harusi, na siku zinazotangulia kufunguliwa shule ni za sare. Februari huwa tulivu, na Juni pia. Nakuru, Juni na Julai za baridi ndizo bora kwa kushona tabaka, kwa sababu mfarishi unakaa magotini ukikupasha joto. Kisumu, epuka Januari hadi Machi: jasho la mikono hukwamisha kitambaa. Miezi hiyo unga miraba tu.

Kulaza na kushona tabaka

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130. Mfarishi mmoja hautaridhisha nyumba zote mbili. Kwa Nakuru, Molo au Kericho, katikati weka blanketi jepesi la mitumba la manyoya mafupi, lililofuliwa. Kwa Kisumu au Busia, shuka kuukuu la pamba au leso inatosha kabisa. Vitu hivi viwili havihami, kwa hiyo mistari ya mshono inaweza kuachana inchi nne. Ukitumia faiba ya kujazia iliyolegea, mistari isizidi inchi tatu, la sivyo hujikusanya pembeni baada ya kufuliwa mara ya pili.

Kitambaa cha chini kiwe kikubwa kuliko cha juu kwa inchi 3 kila upande: inchi 42 kwa 51, yaani yadi moja na nusu ya kitenge. Kilaze kwenye sakafu uso chini, kivute kiasi cha kunyooka tu, na ukibandike pembeni kwa tepu. Ukikivuta kama ngoma, ukikiachia kitarudi na kukunja vyote vilivyo juu yake. Weka ujazo, kisha viraka uso juu. Anzia katikati kuelekea nje, pini za kufunga, zile za nepi, kila baada ya upana wa kiganja. Ikiwa kazi itakaa, piga bandi kwa uzi mweupe badala ya pini.

Shona mstari wa kwanza katikati kabisa, juu hadi chini, robo inchi kando ya mshono wa viraka. Kisha mistari ya kulia yote, ukianza juu kila mara. Geuza, maliza kushoto. Ukipishana, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, tabaka husukumwa pande tofauti na miraba hupinda. Weka kiti kushoto kwako kibebe uzito. Mfarishi unaoning'inia huvuta sindano hadi ivunjike, na fundi hulaumu sindano.

Nafasi kati ya sindano na nguzo ya mashine nyingi nyeusi si kubwa. Inchi 36 zilizokunjwa mviringo zinapita. Mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita haupiti kwa raha. Ushone vipande vitatu vilivyokamilika tabaka zote, kisha uviunge.

Upapi

Upapi, ule ukanda wa kufunika ukingo, wa shingo ya gauni hukatwa mshazari ili ufuate duara. Wa mfarishi ukatwe kwa kunyooka, kwa sababu ukingo wenyewe umenyooka. Ukitumia ule wa mshazari uliobaki kwenye gauni, ukingo wa mfarishi utayumba kama ukingo wa jani la sukuma wiki. Ukifanya kinyume, upapi ulionyooka kwenye shingo, shingo itasimama.

Mzunguko wetu ni inchi 162. Kata kanda tano za inchi mbili na nusu kwa upana wote wa kitenge, ambayo ni chini ya nusu yadi. Ziunge kwa mshazari ili unene usikutane mahali pamoja, zikunje katikati kwa urefu na upige pasi. Shona upande wa juu wa mfarishi, kingo mbichi zikilingana. Ukifika pembeni, simama robo inchi kabla ya ukingo na ukate uzi. Kunja upapi kwenda juu, ufuate mstari wa upande unaofuata, mkunjo ukilala pembe ya digrii 45. Urudishe chini ulingane na upande mpya, anza kushona kutoka ukingoni. Ukivuka ile robo inchi hata mshono mmoja, pembe haitageuka na itabaki imejaa kama ngumi.

Pindua upapi nyuma na uushone kwa mkono, mshono ule ule wa kuficha unaotumia kwenye pindo la gauni, kastabini kidoleni. Kazi hizi mbili zikae mfuko mmoja mdogo pamoja na uzi na sindano za mkono, usiokaa kando ya mashine. Stima ikipotea, au foleni ya kliniki ikiwa ndefu, mfuko huo ndio unaomaliza pindo la gauni la Jumamosi na upapi wa mfarishi kwa zamu.

Ufuaji wa kwanza uwe wa maji baridi. Usiukamue kwa kusokota: ukandamize ndani ya taulo, kisha uutandaze juu ya kamba mbili zilizo sambamba. Juu ya kamba moja, uzito wa maji hukusanyika katikati na kukata nyuzi ulizozishona kwa wiki mbili.